Aliyepiga Kelele ni Mimi

Silanga, Kibera, jioni ya mwezi wa Desemba

Nafula mwanangu,

Kesho asubuhi unaondoka na kukhu wako, mama wa baba yako, kwenda Bungoma ukakae naye. Una miezi minane. Hujui kusoma, na itachukua miaka kabla hujajua, lakini mimi nikiwa na jambo zito huwa naliandika kwanza, kwa sababu mdomo wangu hunisaliti. Utaona hapa mbele ulinisaliti wapi.

Mambo ya uji, ya blanketi na ya kile kikohozi chako cha alfajiri nimeshamwambia kukhu. Amelea watoto sita, na mimi wa miaka kumi na tisa sina la kumfundisha. Sasa hivi amekubeba mgongoni, mmeenda kununua makaa kule chini karibu na bwawa. Nina muda mpaka mrudi.

Nataka kukuambia habari za baba yako, kwa sababu huko unakokwenda wanasema alikuwa mwizi. Baba yako mdogo anasema hivyo waziwazi. Watoto wenzako watakutupia neno hilo mkigombana kisimani. Hakuwa mwizi, Nafula. Najua kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliyemwita mwizi ni mimi.

Jina lake lilikuwa Simiyu. Alikuwa fundi wa redio kule Kawangware, sehemu ya 46, katika kibanda cha mabati chenye ukubwa wa kabati. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Likizo ya Agosti mama alinituma nikakae kwa anti yangu huko, nimsaidie na watoto. Redio ya anti ilikuwa inakula kaseti, akaniambia nimpelekee fundi mwenye rasta.

"Niaje, siste?" akanisalimu.

Sikujibu. Niliweka redio mezani, nikaweka na kaseti ya kwaya ya anti, utepe umetoka wote nje kama matumbo ya kuku.

Akaitazama kwa huzuni. "Manze, hii redio imechinja kwaya nzima. Hata soprano haikubaki?"

Nilicheka nikiwa nimefunika mdomo. Akaniambia nisubiri, akaanza kufungua skrubu. Nyuma yake kulikuwa na spika moja isiyo na kifuniko, inacheza reggae, na mimi nikajikuta nafuata ile sauti ya chini, polepole, nikidhani spika inanificha. Kumbe alikuwa ananisikiliza. Akazima muziki ghafla bila kuniambia, na sauti yangu ikabaki peke yake pale kibandani kama mtu aliyevuliwa blanketi.

"Usinyamaze," akasema. "Rudia hiyo ya chini."

Sikurudia. Nilinyakua redio kabla hajaimaliza nikaenda zangu. Jioni ile ile ikala kaseti nyingine, na kesho yake ikabidi nirudi.

Hakunicheka. Aliniambia hivi: "Geukia ukuta. Mimi sikuangalii, nachomelea waya zangu tu." Nikageukia mabati, nikaimba. Tulifanya kazi hivyo tangu siku hiyo, yeye akitazama waya, mimi nikitazama ukuta. Najua misumari ya kibanda kile kuliko ninavyoijua sura ya baba yako akiimba. Hilo nalo linaniuma.

Shule zilipofunguliwa nilirudi Silanga, lakini kila Jumamosi nilitembea kwa miguu mpaka 46 nikiwa na daftari. Maneno niliandika mimi. Yeye alikuwa na kaseti za muziki mtupu, zile ambazo watu wa reggae huziita vashon, na juu yake tuliweka maneno yetu. Yeye aliimba kama mtu anayegombana na mwenye nyumba. Mimi niliimba kama mtu anayemwombea mpangaji. Tuligombana sana. Yeye alitaka beti tano, mimi nilitaka mbili.

"Wewe daftari lako lina kifutio kikubwa kuliko penseli," alinitania.

"Na wewe mdomo wako hauna kifutio kabisa."

Alifurahi nilipomjibu hivyo, kwa sababu watu wengine wote sikuwajibu.

Jina letu lilikuwa Silanga 46. Alilichora kwa rangi nyekundu ubavuni mwa spika, na pale chini akaandika: sauti mbili.

Wimbo uliotutoa ulitokana na kuku. Pale 46 kijana mmoja alipigwa na watu mpaka akafa, wakidai ameiba kuku wa mama mmoja wa kanisa. Baada ya siku mbili yule kuku alipatikana chini ya benchi la kanisa lenyewe, ameatamia mayai. Simiyu aliona yote mawili, yule kijana na yule kuku. Aliniambia mara moja tu, akiwa ameshika bisibisi, na hakuendelea na kazi siku hiyo. Niliporudi Silanga niliandika wimbo tukauita "Uliza Kwanza". Yeye anaimba, "Uliza kwanza, kabla ya jiwe." Mimi najibu, "Ameiba nini?" Anaimba tena, najibu tena. Neno langu lilikuwa hilo moja tu wimbo mzima. Ameiba nini?

Mara ya kwanza tulipoalikwa kuimba, katika ukumbi wa Kawangware, Jumapili mchana, sikuweza kupanda jukwaani. Miguu ilikataa. Nilijificha nyuma kabisa, karibu na mlango, katikati ya watu. Mtangazaji akatuita mara tatu. Simiyu akanitafuta kwa macho, akanikuta, akaona nilivyo. Mtu mwingine angenivuta mkono. Yeye alitoka nje, akazunguka, akaninong'oneza kwenye tundu la dirisha.

"Basi imba kutoka hapo hapo ulipo. Lakini tuwape sababu. Ukiniona naingia, piga kelele uite mwizi."

"Mwizi?"

"Eeh. Mimi nitakimbia. Waache washtuke kidogo. Halafu waulizwe."

Nikafanya hivyo. Sijui kwa nini kupiga kelele kulikuwa rahisi kuliko kuimba. Labda kwa sababu anayepiga kelele hatazamwi. Watu humtazama anayekimbia. Nililia, "Mwizi! Mshikeni!" na baba yako akapita katikati ya ukumbi kwa mbio, rasta zikiruka, watu wakainuka, wengine wamekunja ngumi, na yeye akaruka jukwaani na pale pale muziki ukaanguka mzito, akainua mikono miwili na kuimba, "Uliza kwanza." Ukumbi ulinyamaza. Nikajibu kutoka gizani kule nyuma. Watu wakageuka kutafuta sauti imetoka wapi. Hawakuiona. Halafu wakacheka, wengine wakiwa na aibu, wakiangalia ngumi zao.

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyoanza kila mahali. Walituita Kibera, wakatuita Kawangware tena, wakatuita Dagoretti. Tulirekodi kaseti mjini, katika chumba kilichofunikwa magunia ya katani ukutani, na hata huko niliwapa mgongo mafundi. Ilichezwa redioni, mchana mmoja, na mama yangu akaacha kusonga ugali akasema, "Huyo wa pili ni mwanamke au mwanamume?" Sikumwambia. Kina mama wakifua nguo hapa Silanga walikuwa wanajibizana, mmoja anasema uliza kwanza, mwingine anajibu. Napita nikiwa na sare ya shule, nimeinamisha kichwa, nimejaa furaha mpaka natembea kama mlevi. Hakuna aliyejua ni mimi. Nilidhani hiyo ndiyo namna bora ya kuwa na jina, kusikika bila kuonekana. Sasa najua kwamba muda wote huo kuna mtu mwingine alikuwa anaonekana kwa niaba yangu.

Mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha nne, ukaja wewe. Sikuweza kumwambia baba yako kwa mdomo. Niliandika katika daftari, chini ya beti za wimbo mpya, nikampa.

Akasoma, akasoma tena, akapiga mdundo kidogo kwa vidole mezani. "Hii beti ni ya wimbo gani? Haiingiani na hizi za juu."

"Si ya wimbo," nikasema.

Akasoma mara ya tatu. Halafu akachukua rangi yake nyekundu, akaenda pale kwenye spika, akafuta neno mbili akaandika tatu. Rangi ikachirizika. Alisema tutakwenda kwa mama yangu mwisho wa mwezi, yeye na mama yake, kama watu. Nataka ujue hilo. Ulikuwa na miezi miwili tumboni na ulikuwa umeshaandikwa.

Sasa nafika mahali ambapo sipapendi.

Mtu mmoja wa kuandaa maonyesho alituita Gatina. Haikuwa ukumbini. Ilikuwa uwanjani, nyuma ya maduka, Jumamosi, siku ya watu wengi. Upande mmoja kulikuwa na jukwaa la mbao, upande mwingine wachuuzi wa mboga na viatu vya mitumba. Tulifika mapema. Baba yako alizunguka uwanja wote mikono ikiwa mfukoni, halafu akarudi kwangu.

"Becky, leo panda jukwaani."

"Siwezi."

"Sikiza. Kule ukumbini watu wamekuja kutuona sisi. Hapa nusu yao wamekuja kununua sukuma. Hawajui kama ni wimbo."

"Nikipanda pale nitakufa, Simiyu."

Nilisema hivyo. Ni maneno yangu, nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Akanitazama. Angeweza kusema tuanze wimbo bila ule ujanja, na mimi ningeweza kusema hivyo pia. Lakini kaseti yetu ilikuwa imewika kwa sababu ya ule mwanzo, na yule mwandalizi alikuwa ameuomba hasa. Baba yako akaniwekea mkono kichwani. "Sawa, sauti ya pili. Lakini usikawie kujibu."

Nikaenda kusimama upande wa wachuuzi. Yeye akaenda nyuma yao, ili akimbie kutoka huko mpaka jukwaani. Mtangazaji akatuita. Nikapiga kelele. "Mwizi! Mshikeni!" Nilipiga vizuri kuliko siku zote, kwa sababu nje sauti hupotea.

Baba yako akachomoka. Na papo hapo stima ikapotea.

Hapakuwa na muziki wa kuanguka. Spika zilikuwa kimya, hazina umeme. Palikuwa na kijana mwenye rasta anayekimbia katikati ya soko, na msichana anayelia mwizi. Wale wa mbele karibu na jukwaa, waliotujua, walipiga makofi. Wale wa huku nyuma hawakutujua. Muuza viatu mmoja akanyoosha mguu.

Alianguka hatua kama thelathini kutoka jukwaani. Kwanza nilidhani watamwinua. Halafu nikasikia lile pigo la kwanza, na watu wakaanza kukimbilia pale kutoka kila upande. Wengi hata hawakuuliza kuna nini.

Nafula, baba yako aliimba. Akiwa chini, bila muziki. "Uliza kwanza." Nilimsikia wazi. Alikuwa ananipa zamu yangu. Neno langu lilikuwa moja tu, na ndilo lingewasimamisha, kwa sababu wangegeuka kumtafuta anayejibu, kama walivyogeuka kila siku. Akarudia. "Uliza kwanza." Akasubiri.

Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu.

Mama mboga mmoja aliyekuwa karibu nami aliona nilivyotetemeka, akaacha meza yake akanikumbatia. Akaniuliza, na Mungu ni shahidi kwamba katika uwanja ule wote yeye peke yake ndiye aliyeuliza: "Wee msichana, ni wewe umeibiwa? Amekuibia nini?"

Nilitikisa kichwa tu.

Akadhani ni mshtuko. "Pole mama, usilie. Wameshamshika."

Alinishika kwa upendo kabisa, kichwa changu begani kwake, leso yake ikinuka kitunguu, na mimi nikaacha nishikwe. Nilipojinasua na kufika pale, wale wa mbele walikuwa wameshakuja mbio wakipiga kelele kwamba huyu ni mwimbaji, ni mwimbaji, na watu walikuwa wameanza kutawanyika, kila mmoja akitazama upande wake.

Aliishi siku mbili hospitalini bila kuongea. Nilisimama mlangoni mwa wodi siku zote mbili. Nilijua kwamba nikienda kitandani nitalazimika kusema kitu, na sikujua kama bado nina sauti. Siku ya pili nilienda. Nikaimba ile sehemu yangu karibu na sikio lake, nikiwa nimemtazama, si ukuta. Sijui kama alisikia. Sitakudanganya kwamba alinibana mkono. Hakunibana.

Karatasi walizopewa nyumbani kwao zilisema aliuawa na umma kwa kushukiwa wizi, baada ya mwanamke asiyejulikana kupiga kelele. Yule mwandalizi hakuonekana tena. Vibanda vya mjini viliuza kaseti yetu wiki nzima, wakiiita ile ya mwizi. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa nimefunga sweta kiunoni kukuficha.

Kwenye mazishi, kule Bungoma, nilisimama na wapishi. Baba yako mdogo alisema, "Huyu tumfukie tu. Mwizi haimbiwi." Vijana wa kanisa walikuwa wamekuja na ngoma, wakazirudisha. Mtu ambaye hakujua kunyamaza hata akila alizikwa kimya, tukisikia udongo tu. Na mimi, niliyekuwa na wimbo wote mdomoni, nilishika sufuria.

Jioni hiyo kukhu wako alinifuata jikoni. Alikuwa ameambiwa kwamba nina mimba ya mwanawe. Hakuwahi kusikia kaseti yetu, hana redio. Akanishika mikono yote miwili akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, wewe ulikuwa naye Nairobi. Aliiba nini?"

Neno langu lile lile. Alinipa nafasi ya pili bila kujua. Na mimi nikamwambia, "Sijui, mama."

Ndiyo maana naandika. Mtu husamehewa kwa kuogopa mara moja, pale uwanjani, kwa ghafla. Lakini "sijui, mama" sikuisema kwa ghafla. Nilikuwa na moto mbele yangu na muda wa kutosha. Nilifikiria kwanza, nikachagua kuficha uso wangu, nikamwacha mama huyu arudi kulala akiamini kwamba alizaa mwizi. Ameamini hivyo zaidi ya mwaka. Anakuja kukuchukua akiamini hivyo. Juzi alipokubeba mara ya kwanza alisema, "Hata kama alikosea, huyu hakukosea." Nilikuwa nakunja nepi. Nikaendelea kukunja.

Sitakuambia usiwe na haya. Ukizaliwa nayo umezaliwa nayo, na huenda umeipata kwangu, maana ukiona wageni unaficha uso kwenye titi. Haya si dhambi. Nilikosea mahali pengine. Niliiona haya yangu kama kitu changu peke yangu, kumbe kila siku kuna mtu alikuwa anailipia. Alianza kuilipia kwa vitu vidogo ambavyo tulivicheka, ukuta, dirisha, mlango wa nyuma, na mimi nikazoea kwamba inalipika.

Kukhu hajui kusoma. Barua hii nilitaka kuishonea ndani ya pindo la blanketi lako, uje uikute. Lakini nikifikiria vizuri, atakayeikuta kwanza ni baba yako mdogo, naye hataisomea mtu. Itakuwa nimeimba tena nikigeukia ukuta.

Nasikia kikohozi chako mlangoni. Mmerudi.

*

Naendelea. Giza limeingia, nimewasha taa.

Kukhu aliweka makaa chini, akaniuliza, "Unamwandikia nani?"

"Mtoto."

Akacheka. "Mtoto wa maziwa! Haya, nisomee mimi kwa niaba yake."

Nilisimama. Nilisoma nikiwa nimempa uso, nawe uko mapajani mwake unavuta kitambaa chake. Nilipofika pale Gatina nilipoteza mstari nikautafuta kwa kidole, na yeye hakunisaidia. Nikaendelea. Nilisoma mpaka pale jikoni, mpaka "sijui, mama". Nikaweka karatasi chini nikasema bila kusoma: "Hakuiba kitu. Niliyepiga kelele ni mimi."

Hakulia. Alikutazama wewe, akakurekebishia kofia ambayo haikuwa na kasoro. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Sikukusikia," akasema.

Nikarudia.

"Ulipoita mwizi," akasema, "soko zima lilisikia. Hili nalo mbona unalinong'ona?"

Nikalisema kwa nguvu. Jirani wa upande wa pili akazima redio yake. Kukhu akasema neno ambalo sikulitegemea. Sikusamehewa, Nafula, usije ukaelewa hivyo. Alisema: "Funga nguo zako. Hutanipa mimi mzigo huu niubebe peke yangu kwenye basi. Utalisema nyumbani, pale kaburini, mbele ya wale wote walionirudishia ngoma. Ukimaliza, utarudi kwako. Mtoto atabaki."

Basi kesho tunasafiri watatu, na nitakaporudi nitakuwa peke yangu.

Nimefunga gauni moja na daftari. Kukhu amelala nawe, amekugeuzia kifua, mimi amenipa mgongo. Nimesimama katikati ya chumba najaribu lile neno langu la wimbo, polepole nisikuamshe, nikiwa nimetazama mlango.

Mama yako,
Rebeka